Kuvuna kwa mashine kwenye miteremko mikali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya madereva wa kombaini (mashine inayokata na kupura nafaka kwa pamoja) na trekta, wenye mashamba ya milimani, na wale wanaotembea nyuma ya mashine wakati wa mavuno. Tunaanza na vipimo kwa sababu ubishi mwingi kuhusu usalama hutokea pale watu wawili wanapotaja namba moja wakiwa na maana tofauti.

Mteremko "mkali" ni upi hasa?

Hutegemea mashine. Kitabu cha mashine yako kinataja kikomo chake, na namba hiyo ndiyo ya kufuata, si kauli ya muuzaji wala ya dereva mwenzako.

Angalia kama kikomo hicho kimeandikwa kwa asilimia au kwa digrii. Ukienda mita 100 za mlalo ukawa umepanda mita 20, huo ni mteremko wa asilimia 20, ambao ni kama digrii 11 tu. Digrii 20 ni zaidi ya asilimia 36. Mtu akisoma "20" kwenye kitabu kisha akapima kwa digrii, anaweza kuingia kwenye mteremko unaokaribia mara mbili ya ule ambao mashine ilijengewa. Digrii 45 ni asilimia 100, kwa hiyo asilimia 100 si ukuta uliosimama wima kama wengi wanavyodhani.

Nitapimaje bila kifaa maalumu?

Chukua ubao ulionyooka wa mita 1 na pimamaji ya fundi. Laza ubao ukielekea chini ya mteremko, inua ncha ya chini mpaka pimamaji ioneshe usawa, kisha pima nafasi kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita utakazopata ndizo asilimia za mteremko. Sentimita 18, asilimia 18. Simu nyingi pia zina programu ya kupima mwinamo. Iweke juu ya ubao huohuo ukiwa umelala juu ya ardhi, usiiweke kwenye udongo wenye mabonge.

Pima pale pabaya kuliko pote. Wastani wa shamba zima hauna msaada, maana mashine haipinduki kwenye wastani.

Kombaini ni pana na nzito. Inapindukaje?

Uzito peke yake haumlindi mtu. Mashine husimama kwa kuwa mstari unaoshuka wima kutoka kwenye kitovu chake cha uzito, yaani pale uzito wake wote unapokutana, unaangukia ndani ya eneo lililozungukwa na magurudumu. Mstari huo ukivuka gurudumu la chini, mashine imeshaondoka, iwe tani 2 au tani 20.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mashine ina mita 3 kati ya magurudumu ya mbele, na kitovu cha uzito kiko mita 1.6 kutoka ardhini. Kwenye karatasi itaanza kupinduka upande ikifika kama digrii 43. Unaona ni nyingi, unapumua. Sasa jaza tangi, kitovu kipande hadi mita 2: umebaki na digrii 37. Gurudumu la juu likipanda jiwe la sentimita 30, mashine inalala digrii 6 zaidi. Wakati huohuo la chini likaingia kwenye mfereji wa sentimita 20 uliochimbwa na maji ya mvua, ongeza 4 nyingine. Mteremko wa digrii 20 umekuwa wa 30 kwa kufumba na kufumbua, na bado hatujagusa mwendo.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wengi hawaambiwi. Ekseli ya nyuma ya kombaini nyingi imeshikwa kwa pini moja katikati ili icheze kufuata mabonde. Hivyo mashine haisimami juu ya pembe nne. Inasimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya mbele na ile pini ya nyuma. Ukitazama kutoka mbele unaona upana wote, lakini kadiri uzito unavyosogea nyuma, ndivyo upana wa kweli unavyopungua. Hesabu ya hapo juu basi ni ya matumaini.

Mwendo nao una hesabu yake. Nguvu inayoisukuma mashine nje ya kona hukua kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi maradufu, nguvu hiyo inakuwa mara nne.

Kwa nini asubuhi nilipita sawasawa na mchana mashine ikanyanyua gurudumu mahali palepale?

Kwa sababu mashine ya mchana si ileile. Ngano ina uzito wa karibu kilo 0.75 hadi 0.8 kwa lita. Tangi la lita 8,000 likijaa umebeba zaidi ya tani 6, na umezibeba juu, mgongoni mwa mashine. Nafaka pia haikai kama jiwe. Kwenye mteremko hujilundika upande wa chini, yaani upande uleule ambao hutaki uzito uende.

Kwenye miteremko, pakua tangi likiwa nusu. Ndiyo, utasimama mara nyingi zaidi, na mwenye shamba atanung'unika kuhusu muda. Mwache anung'unike. Kapakulie kwenye tambarare, bomba la kupakulia likifunguliwa tu pale mashine imesimama sawa. Bomba hilo likinyooshwa upande wa chini ni mkono mrefu unaoivuta mashine kuelekea huko, na kadiri nafaka inavyopita ndani yake ndivyo linavyokuwa zito.

Nivune kwa kupanda na kushuka, au kwa kukatiza mteremko?

Ukiangalia kupinduka kwa upande pekee, kupanda na kushuka ni salama kuliko kukatiza. Mashine nyingi ni ndefu kuliko upana wake. Tabu ni kwamba mashamba mengi ya milimani yamelimwa kwa kufuata kontua, yaani mistari inayokatiza kilima kwa usawa, ili udongo usiondoke na maji, na mistari ya mazao haikubali upite unavyotaka. Hapo uhifadhi wa udongo na usalama wa dereva vinagongana, na ni bora jambo hilo liamuliwe wakati wa kupanda mbegu kuliko siku ya kuvuna. Sehemu ambayo mashine haiwezi kukatiza kwa usalama haifai kupandwa zao ambalo lazima livunwe kwa kukatiza. Pande majani ya mifugo, au miti.

Ukilazimika kukatiza, anza juu ushuke taratibu mstari kwa mstari, na geuza kwa kona pana, mwendo mdogo. Kugeuza ghafla kuelekea juu ndiko kunakopindua wengi: mteremko unaivuta mashine chini na kona nayo inaisukuma hukohuko.

Kushuka moja kwa moja kuna ubaya wake. Kichwa cha kukatia ni kizito na kiko mbele. Mashine ikiinamia mbele, magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi, na hayo ndiyo ya kugeuzia. Unazungusha usukani, mashine inaendelea kunyooka. Weka kichwa chini kadiri ardhi inavyoruhusu, na kama kitabu kinataka vizito vya kuongeza nyuma kwa kichwa ulichofunga, vifunge kabla ya kutoka.

Nikishuka naweza kuweka nyutro ili nibane mafuta?

Hapana. Kwenye nyutro injini haishiki tena mashine, umebaki na breki peke yake. Chagua gia ya chini ukiwa bado juu kwenye tambarare, kisha ushuke nayo bila kuigusa. Kubadilisha gia katikati ya mteremko kunaweza kukuacha kati ya gia mbili, hakuna iliyoshika, na mashine inazidi kuchukua kasi huku unatafuta.

Kwa kombaini zenye mwendo wa haidroliki, yaani zinazoendeshwa kwa mafuta yanayosukumwa na pampu, mfumo huohuo ndio unaokupunguza mwendo. Mkanda unaozungusha pampu ukikatika au paipu ikipasuka, uzuiaji huo unaondoka nao. Ukaguzi wa mkanda na paipu kabla ya kupanda mlimani ni dakika chache tu.

Breki zangu ni nzima. Bado kuna wasiwasi?

Breki huzuia gurudumu lisizunguke. Haziwezi kuzuia gurudumu lililofungwa lisiteleze. Mabua makavu yaliyolala na majani ya ngano juu ya udongo mgumu huteleza vibaya, na yakipata umande wa asubuhi ni zaidi. Subiri jua likaushe mteremko kabla ya kuingia.

Mashine ikianza kuteleza, legeza breki ili magurudumu yazunguke tena, iache inyooke kuelekea chini, halafu punguza mwendo kwa gia. Silika inakutuma ukanyage zaidi na ukate usukani. Hivyo ndivyo mashine inavyokaa ubavu na kupinduka. Kichwa kikishushwa hadi ardhini kinaweza kusaidia kuikamata mashine isiyodhibitika tena. Kinaharibika, ndiyo.

Pia angalia pedali. Trekta na kombaini nyingi zina breki mbili, ya kushoto na ya kulia, zinazoweza kukanyagwa peke yake. Kwenye mteremko na barabarani, ziunganishe kwa kile kipande cha chuma kinachozifunga pamoja. Kukanyaga moja tu ukiwa unashuka ni kujigeuza mwenyewe.

Trekta langu linavuta tela la nafaka. Nizingatie nini?

Kwanza, nani ana uzito zaidi. Tela lililojaa likiwa zito kuliko trekta na halina breki zake, ukishuka nalo wewe ndiye unayesukumwa. Ukifunga breki za trekta, tela linaendelea, linajikunja upande na kulipiga trekta ubavuni. Mlimani beba nusu tela, uende mara mbili.

Pili, pa kufungia. Mzigo ufungwe kwenye ndoano ya chini ya kuvutia, kamwe usiufunge kwenye ekseli au sehemu yoyote iliyo juu zaidi. Ukifunga juu, unapopanda trekta linajiinua mbele na kuanguka kinyumenyume. Kutoka magurudumu ya mbele yanapoinuka mpaka pasipo kurudi ni kama robo tatu ya sekunde. Hakuna dereva mwenye mguu wa haraka hivyo kwenye klachi.

Fremu ya kinga na mkanda vinasaidia kweli?

Sana. Sweden ilizifanya fremu za kinga, yaani vyuma vya kumlinda dereva trekta likipinduka, kuwa lazima kwa trekta mpya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka huko vikashuka mno kadiri trekta za zamani zilivyobadilishwa. Lakini fremu inafanya kazi ukiwa ndani yake. Bila mkanda unarushwa nje, na mara nyingi fremu hiyohiyo ndiyo inayokuangukia. Trekta lenye fremu: funga mkanda. Trekta la wazi lisilo na fremu: usifunge, na usilipeleke kwenye mteremko.

Kombaini ni habari nyingine. Kebini yenye vioo, kiyoyozi na redio haimaanishi kwamba imejengwa kustahimili uzito wa mashine ikipinduka. Tafuta kibandiko cha cheti cha fremu ya kinga ndani ya kebini. Kama hakipo, chukulia kwamba hiyo kebini ni ya kuzuia vumbi.

Na usiruke. Anayeruka huruka upande alioinamia, na upande huo ndio mashine inakokwenda.

Kombaini zinazojisawazisha si zimemaliza tatizo hili?

Zimelisogeza mbele. Historia yake ni ya kuvutia. Vilima vya Palouse, kaskazini-magharibi mwa Marekani, vinatoa ngano nyingi kwenye miteremko ambayo kombaini ya kawaida haiwezi. Kampuni ya Holt ya California ilitengeneza kombaini za mteremko tangu mwishoni mwa karne ya 19, zikivutwa na makundi ya farasi na nyumbu, na ndani ya kikosi kulikuwa na mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuisawazisha mashine kadiri kilima kilivyobadilika. Miaka ya 1940 Raymond Hanson wa jimbo la Washington alibuni kidhibiti kilichofanya kazi hiyo chenyewe. Leo watengenezaji kadhaa huuza mashine za aina hii.

Kusudi la kwanza la kusawazisha ni nafaka: chekeche zikiinama, nafaka hujaa upande mmoja na kumwagika nyuma pamoja na makapi. Mashine ikikaa wima pia inakuwa imara zaidi, hilo ni kweli. Ila mfumo una mwisho wake, na ukiufikia huna akiba tena.

Hatari kubwa zaidi iko kichwani mwa dereva. Kwenye kombaini ya kawaida, mwili ndio unaotoa taarifa ya kwanza: kiti kimeinama, nyonga inateleza, chupa ya maji inabiringika sakafuni. Kwenye inayojisawazisha kiti kiko sawa, chupa imetulia, na nje kilima kinazidi kusimama. Dereva anaingia pabaya akiwa na utulivu wa mtu aliye tambarare. Kwa hiyo tazama kipimo cha mwinamo, na kabla ya kutoka mteremkoni kwenda barabarani hakikisha mfumo umerudi mahali pake. Tofauti na mashine hizi, nyingine husawazisha kichwa au chekeche pekee. Hizo zinaokoa nafaka, haziongezi uimara wa mashine hata kidogo. Muulize muuzaji ni ipi, na umwombe akuoneshe kwenye kitabu.

Na mashine ndogo za kusukuma kwa mkono?

Trekta la magurudumu mawili lenye kifaa cha kukatia mpunga au ngano lina mtego unaowashangaza hata wazoefu. Kwenye tambarare ukibana klachi ya kushoto, mashine inageuka kushoto. Ukiwa unashuka mteremko, gurudumu uliloliachia linakwenda kasi kuliko lingine, kwa hiyo mashine inageuka kulia. Kwenye mteremko mkali geuza kwa kusukuma mikono ya mashine, uziache klachi hizo.

Simama upande wa juu wa mashine kila unapokatiza. Na ile kamba ya mpira ambayo watu hufungia mkono wa usalama ili wasiubane muda wote, ikate. Mkono huo upo ili ukiteleza, kisu kisimame.

Kwa mashine ya kuchumia chai inayobebwa na watu wawili, aliye chini hubeba sehemu kubwa ya uzito na ndiye anayechoka kwanza. Badilishaneni, na zimeni injini mnapohama mstari.

Marobota ya majani makavu yana hatari gani?

Robota la mviringo lenye kilo mia kadhaa likianza kubiringika halisimamishwi na mtu wala uzio wa kawaida. Kabla ya kuliachia, iweke mashine kwa namna ambayo bapa la robota litatazama chini ya mteremko. Kama hapawezekani, libebe hadi tambarare ndipo uliachie. Asiwepo mtu chini.

Wasaidizi wakae wapi?

Upande wa juu wa mteremko kuliko mashine, kamwe si upande wa chini. Hii inawahusu utingo, vibarua wanaokusanya, na zaidi watoto na kina mama wanaookota masazo nyuma ya kombaini, ambao dereva hawaoni kabisa. Waokotaji waingie kipande kikishamalizika na mashine ikiwa imehama. Utingo asisimame kwenye ngazi wala asikae juu ya nafaka ndani ya tangi.

Kichwa kimeziba katikati ya mteremko. Nizibue hapohapo?

Ikiwezekana, nenda kwanza mahali tambarare. Ikishindikana: shusha kichwa ardhini, vuta breki ya mkono, zima injini, chomoa ufunguo, weka kabari upande wa chini wa magurudumu, subiri kila kitu kiache kuzunguka. Ukilazimika kukiinua kichwa, weka kizuizi chake cha chuma kabla ya kuingiza mkono. Haidroliki peke yake si kizuizi.

Moto mlimani una tofauti gani na wa tambarare?

Unapanda. Wazimamoto hutumia kanuni kwamba kasi ya moto huongezeka maradufu kwa kila digrii 10 za mteremko, kwa sababu ndimi zinakausha majani yaliyo juu yake kabla hazijayafikia. Safisha makapi kwenye injini na bomba la moshi kila unaposimama kwa muda, beba kizimamoto, na moto ukiwaka usikimbilie juu ya mlima moja kwa moja. Toka kwa upande, kuelekea ardhi iliyokwisha kuungua au isiyo na majani.

Jirani huvuna kipande kama changu kila mwaka bila tatizo. Kwa nini mimi nisiweze?

Huenda mashine yake ni pana zaidi, ina magurudumu pacha, au anapakua mapema. Huenda pia amekuwa na bahati. Tembea shamba lako kwa miguu kabla mazao hayajawa marefu kiasi cha kuficha ardhi, weka vijiti vyenye kitambaa kwenye mashimo, mawe na mifereji. Ukingoni mwa tuta au korongo, kaa mbali angalau sawa na kina chake: korongo la mita 2, mita 2 kutoka ukingoni, na zaidi kama udongo umelowa.

Patakapobaki kipande ambacho mashine haifai, kivune kwa mkono au kiache. Dereva anayekodishwa ana haki ya kukataa kipande, na makubaliano hayo yafanyike kabla injini haijawashwa, si mwenye shamba akiwa amesimama pembeni anahesabu magunia.

Mashine imepinduka na dereva yuko ndani. Nifanye nini kwanza?

Piga simu ya dharura, au mtume mtu apige. Usiisogelee kutokea chini. Inaweza kuendelea kubiringika. Zima injini kama ufunguo unafikika bila kujiingiza chini ya chuma. Usiwashe kiberiti wala sigara, mafuta yatakuwa yanavuja. Kaa mbali na paipu za haidroliki zinazotoa mvuke mwembamba wa mafuta, maana mafuta hayo hupenya ngozi.

Usijaribu kuinyanyua kwa mnyororo na trekta jingine wakati mtu amebanwa. Mashine ikiteleza tena itambana zaidi, na trekta la pili liko kwenye mteremko uleule. Weka kabari na magogo upande wa chini ili isisogee, ongea naye, zuia damu pale unapofikia, na mtume mtu akawasubiri waokoaji barabarani awaoneshe njia ya kufikia shamba kutokea juu.